Mkono Nyuma ya Kiti

Mlima wa Punda, kule Bofu, ulipewa jina na punda wenyewe. Wakifika kona ya pili na mikokoteni ya maji hugoma papo hapo. Mwenyewe apige, abembeleze, aape kwa kila jina analolijua, punda wala hababaiki. Sasa kama mnyama aliyeumbwa kwa mizigo anagoma, mtoto wa miaka kumi na miwili juu ya baiskeli ya babake utamdai nini?

"Kanyaga, Sidi! Usitazame juu, tazama gurudumu!"

Garama alikuwa nyuma, anakimbia na malapa yake, mkono mmoja ameukaza kwenye keria, kile chuma cha mizigo nyuma ya kiti. Sidi alikuwa amesimama juu ya pedali, maana kiti hata kiliposhushwa mpaka mwisho kilikuwa bado kirefu kwake. Kona ya kwanza ikapita. "Nipo!" akaita Garama. "Haya!" akajibu Sidi. Kona ya pili, ile ya punda, ikapita nayo. "Nipo!" "Haya!"

Usidhani huo ulikuwa mchezo wa baba na mwana. Ilikuwa ada ya watu wa mikate. Garama alikuwa amekula ujana wake akisambaza mikate kwa baiskeli, kutoka kiwandani ng'ambo ya feri mpaka maduka ya Timbwani, Bofu na Shika Adabu. Wenzake na yeye walikuwa wakipandishana milima kwa zamu, mmoja juu ya kiti, mwingine nyuma anasukuma. Anayesukuma huita "Nipo" kila kona. Akichoka, kabla hajatoa mkono, lazima aseme "Nimeachia", na wa mbele ajibu "Haya". Mtu aliyeegemea mkono usiokuwapo huanguka yeye na mikate yote ikagaragara barabarani. Haachii mtu kimya. Hiyo ndiyo sheria yao, na sidhani kama walikuwa na nyingine.

Kona ya tatu palikuwa na jumba ambalo mwenyewe alilijenga mpaka madirishani kisha hela zikamwishia. Vijana walikuwa wakishinda pale juu ya matofali, wanatafuna miraa na kutema. Ukipita umekaa kwenye baiskeli hawana habari nawe. Lakini ukishindwa, ukashuka, ukaanza kusukuma, hapo ndipo wanaposimama. Mwende, mtoto wa jirani, alinyang'anywa mkoba na viatu pale mchana kweupe, akafika kwao peku. Kwa hiyo Garama hakuwa anamfundisha bintiye mbwembwe. Alitaka apite kona ya tatu bila kugusa chini, basi.

Na kona ya tatu ndipo Sidi alipoanguka. Usukani ulipinda, miguu ikalegea, baiskeli ikalala ubavu. Garama akamdaka begani kabla hajafika chini.

"Si neno," akasema, anahema. "Kesho tena."

Sidi akaangalia chini, akajipangusa vumbi ambalo hata halikumshika. Ukweli ni kwamba miguu yake haikuchoka. Ilikuwa na nguvu ya kufika juu na kurudi na kupanda tena. Alijiangusha mwenyewe, na siku hiyo haikuwa ya kwanza.

*

Alikuwa amemsikia babake akimwambia Hawe, yaani bibi yake mzaa baba: "Mama, akishaweza ule mlima tu, naondoka."

Kiwanda cha mikate kilikuwa kimenunua tuktuk, na watu wa baiskeli wakaambiwa asanteni. Kodi ya chumba ikawashinda, wakahamia kwa Hawe, chini ya mlima. Shule ya Sidi ikabaki upande wa juu, na katikati ya mwaka hakuna shule ya karibu iliyokubali kumpokea. Garama alipata kazi ya barabara, huko Lamu, mwaka mzima au zaidi. Kila kitu kilikuwa tayari ila mlima.

Sidi alikuwa anajua habari ya watu kuondoka. Mamake alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba alimwambia anakwenda sokoni Kongowea kununua nyanya. Mtoto akakaa kizingitini anangoja nyanya mpaka taa zikawashwa. Mwanzoni simu zilikuja kila Ijumaa, halafu mara mojamoja, halafu hazikuja tena. Tangu hapo mtu akimwambia "naja sasa hivi", Sidi huuliza anakwenda wapi na kwa nini, na watu humwona ana adabu mbovu.

Kwa hiyo akapiga hesabu ya kitoto. Mlima usipopandika, baba haendi. Kuanguka kidogo kila jioni ni kitu gani, mbele ya hilo?

Ila upweke haukumtoka, na hilo hakulitegemea. Zamani alikuwa akimwambia babake kila jambo akiwa amekaa nyuma yake kwenye keria, shavu limeegemea shati linalonuka mkate. Sasa wakirudi kutoka mlimani walitembea na baiskeli katikati yao, kila mmoja na lake moyoni. Mtu akikuficha jambo moja humuoni tena, na ukimficha wewe, basi hata mwenyewe hujioni. Sidi alijihisi yuko peke yake hata mkono wa babake ulipokuwa hauko mbali na mgongo wake.

*

Kefa, nyapara wa ile kazi ya barabara, alikuja siku ya Jumamosi, jioni, Hawe anapika ugali na mboga ya mchunga. Alikuwa mtu wa bara, mnene, na pikipiki yake aliiacha inanguruma nje kama mtu asiyekusudia kukaa.

"Karibu ndani, Bwana Kefa."

"Zii, sikai. Buda, sikiza. Lori inatoka Jumatatu asubuhi. Nilikushikia nafasi wiki ile, nikakushikia na hii. Bosi ananiuliza, huyu mtu wako ni mgonjwa ama ni nini?"

"Nipe wiki moja tu nyingine," akasema Garama. "Mtoto bado hajauweza mlima."

"Mlima gani?"

"Wa kwenda shule. Kwa baiskeli."

Kefa akamtazama, kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Yaani wasee wamejipanga mpaka barabarani wakitaka hii kazi, na wewe unaniambia habari ya baiskeli? Garama, wewe ni mwanaume kweli? Mimi watoto wangu sijawaona tangu Krismasi, na wanakula."

Garama akatazama chini. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili mbele ya tumbo, kama mtu aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Sidi alikuwa nyuma ya pazia, ameuma ncha ya leso ya Hawe. Babake alikuwa mtu wa maneno. Madukani kote alijulikana kwa utani wake. Kumwona amesimama vile, anachekwa kwa ajili yake yeye Sidi, kulimchoma.

"Jumatatu," akasema Kefa. "Usipokuwa barabarani naita mwingine. Usinilaumu."

Pikipiki ikaondoka. Hawe akageuza ugali, akaukandamiza, akaugeuza tena.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "huyo bwana ana mdomo mchafu, lakini njaa ina mdomo mchafu zaidi."

"Najua, mama."

"Sidi!"

"Abee, Hawe."

"Nenda na babako dukani kwa Gedion mkalete mkate wa kesho. Kesho ni Jumapili, hatuendi kanisani na matumbo matupu."

Gedion alikuwa ameletewa mikate na Garama tangu duka lake lilipokuwa meza tu ya mbao. Safari ngapi Garama alimwachia mikate akamwambia "utalipa ukiuza"! Usiku wa mvua alimletea, siku ya maandamano alimletea, akipita vichochoroni.

"Gedion, nipe nusu mkate, mwanangu atakuletea pesa wiki ijayo."

Gedion akajishughulisha na kupanga sabuni. "Ndugu yangu, siku hizi mikate ni ya tuktuk. Wanataka pesa taslimu. Ningekuwa na uwezo..."

"Nusu tu."

"Nikifungua mmoja, nusu iliyobaki nani ataichukua?"

Rafu nyuma yake ilikuwa imejaa. Garama aliitazama ile mikate. Aliijua kwa kuiona tu, upi wa asubuhi na upi wa jana, na huenda ndiyo maana akachelewa kuondoa macho. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yao akakohoa.

"Si neno," akasema Garama. "Usiku mwema."

Wakatoka. Njiani alijaribu kupiga mluzi, ukakatika. Sidi akataka kumshika mkono, lakini alijiona hana haki. Aliyewanyima nusu mkate ule alikuwa yeye, si Gedion. Kila alipojiangusha pale kona ya tatu alikuwa akimnyima babake mkate, na hakuna aliyejua ila yeye na Mungu. Wazo hilo halikumtoka, na chakula kilipopakuliwa akasema ameshiba.

*

Jumapili baada ya kanisa walikwenda mlimani. Bi Zuleikha, anayekaanga viazi karai mwanzo wa mlima, aliwaona wanapita akaweka mkono kiunoni.

"Haya, msafara wa wafalme umewadia! We Sidi, leo utafika au utatuletea vumbi tena? Wallahi mimi nimezeeka nangoja."

"Shikamoo, Bi Zuleikha."

"Marahaba. Nikikuona juu kule nakupa viazi bure. Ukianguka, nakuuzia bei ya mgeni."

Sidi hakucheka. Walipofika chini ya kona ya kwanza akapanda, akashika usukani, akasema bila kugeuka, "Baba, leo ukifika kona ya tatu uachie."

Garama akashika keria. "Tutaona," akasema.

Wakaanza. Kona ya kwanza, "Nipo!" Kona ya pili, "Nipo!" Jua lilikuwa kali na njia imekauka, mchanga unateleza chini ya gurudumu. Vijana wa jumbani walikuwa pale pale, na mmoja akanyanyua kidevu. Sidi akayakaza meno. Miguu, ambayo siku zote aliamrisha ilegee hapa, akaiamrisha isilegee, nayo ikamtii mara moja. Akaipita kona ya tatu. Akangoja neno. Akalingoja tena.

"Achia, baba!"

"Nipo!"

"Achia! Naweza!"

"Nipo, mwanangu. Nipo. Nipo."

Akaita hivyo mpaka juu kabisa, hata pasipo kona. Walipofika kwenye kisima cha kanisa Sidi akashuka, akageuka. Babake alikuwa bado ameshika keria. Baiskeli imesimama, mtoto ameshuka, na yeye ameshika.

"Umeona?" akasema Garama, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. "Bila mkono wangu ungeanguka. Bado. Nitamwambia Kefa bado."

Sidi akajua kwamba huo ni uongo. Alikuwa amehisi nyuma yake, tangu kona ya pili, mkono usiosukuma chochote, umewekwa tu. Akakaa chini kwenye ukingo wa kisima, na lile alilokuwa akilificha likamtoka.

"Baba, nimekuwa nikijiangusha. Makusudi. Nilikuwa naweza zamani."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu ile siku ya mvua." Garama akakaa karibu naye. "Nimewasukuma watu miaka yote, Sidi. Mkono unajua mtu aliyechoka na mtu anayejilegeza. Siku ile ulipanda mwenyewe, mimi nilikuwa nakimbia tu nyuma yako kama mjinga. Halafu ukafika pale ukajimwaga."

"Mbona hukusema?"

Garama akakuna goti. Chini kule ilionekana nyumba ya Hawe, na moshi wa Bi Zuleikha, na barabara ya lami inayokwenda feri.

"Ningesema, ningekuwa sina sababu tena. Kefa akiniuliza, namwambia mtoto bado. Hawe akiniuliza, mtoto bado." Akamgeukia. "Lakini wewe ulikuwa tayari. Aliyekuwa bado ni mimi. Naogopa, mwanangu. Naogopa kwenda kulala mahali ambapo hakuna mtu anayejua jina langu, na wewe huku unamwota mama yako, na ukiamka hunioni."

Sidi akalia, na babake naye akajipangusa macho kwa kofia akisingizia jasho. Hawakukumbatiana. Walikaa tu bega kwa bega mpaka kivuli cha mnara wa kanisa kikawafikia. Kwa mara ya kwanza tangu kazi ya mikate iishe, Sidi hakuhisi kitu chochote katikati yao.

"Jumatatu utaenda," akasema.

"Nitaenda."

"Usiniambie unakwenda kununua nyanya."

Garama akamtazama. "Sitakwambia hivyo," akasema.

Waliposhuka Bi Zuleikha aliwapa viazi, na hata utani ukamwishia alipoziona nyuso zao.

*

Jumatatu lori lilikuwa limesimama chini ya mlima kabla ya jua kupanda vizuri. Nyuma wamekaa wanaume juu ya mabati na mabegi, wengine wamejifunika vichwa kwa mashati. Hawe alikuwa amekataa kutoka. Alisema miguu inamuuma, akamwombea mwanawe mlangoni, kiganja juu ya kichwa chake, kisha akaingia ndani na kuanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Garama alikuwa na begi ambalo zipu yake ilikufa, limefungwa kwa kamba ya mpira, ile ile aliyokuwa akifungia sanduku la mikate. Akaipapasa baiskeli. Akabonyeza gurudumu la mbele, akabonyeza la nyuma, akarudia la mbele.

"Cheni ikilia uipake mafuta, si maji. Jumamosi mpelekee fundi akaangalie breki. Ukipita pale..."

"Sitagusa chini."

"Hawe usimwachie ndoo nzito."

"Haya, baba."

"Buda, twende!" akaita Kefa kutoka mbele. "Hii si harusi!"

Sidi alikuwa amevaa sare, mkoba umekazwa mgongoni. Tangu alfajiri alikuwa akiwaza jambo moja. Safari ile nyingine yeye ndiye aliyebaki kizingitini. Hakutaka kusimama pale atazame lori linavyopungua mpaka liwe nukta, halafu barabara iwe tupu, halafu asijue mikono aiweke wapi.

"Nianze mimi," akasema. "Mimi nitangulie, halafu nyinyi mwende."

Garama akatikisa kichwa kukubali. Akaushika ule mwili mdogo mabegani, akaubana, akauachia, akageuka akaparamia lori upande wa nyuma.

Sidi akapanda. Akasimama juu ya pedali, akakanyaga. Keria ilikuwa nyepesi mno na usukani ukamchezacheza mpaka alipoupata. Bi Zuleikha alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

Kona ya kwanza. Mdomo wake ukafunguka wenyewe ili ujibu, na hakuna aliyekuwa ameita. Alisikia pumzi zake na mchanga chini ya gurudumu, basi. Hajawahi kusikia mlima ukiwa kimya hivyo. Kona ya pili ikaja na ukimya wake. Ukitazama nyuma mlimani unaanguka, hilo analijua hata mwanafunzi wa siku moja, kwa hiyo akatazama gurudumu, na machozi yakawa yanamzuia hata kuliona hilo. Hakujua kama babake anatazama. Huenda amempa mgongo. Huenda amekaa kule mbele ya mabati anaulizwa jina.

Chini, injini ya lori ikanguruma. Gia ikakwaruza. Sidi akafika kona ya tatu, miguu inawaka moto, baiskeli ikaanza kuyumba, na vijana wawili wakainuka kutoka kwenye matofali.

"Nimeachia!"

Sauti ilitoka mbali, chini kabisa, imepasuka.

"Sidi! Nimeachia, mwanangu! Nimeachiaaa!"

Vijana wakageuka kutazama barabarani ni nani anayepiga kelele vile asubuhi yote hii. Kule nyuma ya lori mtu alikuwa amesimama wima juu ya mabati, wenzake wamemshika miguu asianguke, mikono yake yote miwili iko hewani, mitupu, ameinyosha ionekane. Waliona wao. Sidi hakuona, alikuwa anatazama gurudumu.

"Haya!" akaita kwa pumzi yote aliyokuwa nayo.

Lori lilikuwa limeshaingia barabara ya feri. Kijana mmoja, akidhani ameambiwa yeye, akauliza, "Haya nini?" lakini Sidi alikuwa ameshapita, anakanyaga, na mlima ulikuwa haujaisha.